Seyyid Barghash bin Said na Safari ya Ulaya ya Mwaka 1875

Mtu anayesimama Makupa, pale ambapo kisiwa cha Mombasa hukaribiana na bara upande wa kaskazini-magharibi, huona safari za kila namna zikimpita. Malori ya makontena hutoka bandarini Kilindini, matatu huelekea Changamwe na Miritini, na mabasi ya Nairobi huanza mwendo wao wa usiku. Zamani mahali hapa palikuwa kivuko tu. Maji yalipokupwa watu walivuka kwa miguu, na Wareno walijenga vijingome vya kukilinda kivuko hicho kwa kuwa aliyekishika Makupa alikuwa ameshika mlango wa kisiwa. Kisha ikaja reli mwaka 1896 na daraja lake, ikaja barabara ya kujaza mawe na udongo baharini, na mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya la magari.

Katika mabasi hayo na katika vibao vya matangazo vya mjini, msomaji atakuwa amewahi kuona tangazo la safari za Ulaya zilizopangwa tayari: nchi kadhaa kwa siku chache, basi na garimoshi, hoteli zilizolipiwa, na kiongozi wa kuwaonyesha wageni kila kitu. Wengi hudhani kwamba safari ya namna hiyo ni jambo la zama zetu. Sivyo. Mmoja wa watu mashuhuri wa mwanzo wa mwambao huu kutembezwa Ulaya kwa ratiba iliyopangwa na wenyeji, akipakiwa garimoshi huku na magari ya farasi kule, alikuwa mwenye Makupa yenyewe na mwambao wote tangu Mogadishu hadi karibu na Ruvuma. Huyo ni Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliyesafiri mwaka 1875.

Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya mtawala huyo kwa kuitazama safari hiyo kuwa kitovu chake. Hoja yetu ni kwamba mgeni anayeongozwa huona mengi, lakini huona yale ambayo mwenyeji amechagua kumwonyesha. Na kwamba bei ya yale ambayo Barghash hakuonyeshwa ililipwa na mwambao mzima. Wahenga walituusia tusione vyaelea, vimeundwa. Maisha ya Barghash ni maelezo marefu ya methali hiyo.

Mwana wa Mtawala na Mtu wa Uhamishoni

Barghash alizaliwa takriban mwaka 1837, mmoja wa wana wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyeifanya Zanzibar kuwa makao yake. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Katika nyumba ile ya kifalme yenye masuria wengi na ndugu wa mama mbalimbali, cheo hakikufuata umri peke yake. Kilitegemea pia ushujaa, marafiki, mali, na kadiri miaka ilivyopita, kilitegemea ridhaa ya balozi wa Uingereza.

Mnamo Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini akirejea kutoka Maskati. Barghash alikuwa chomboni pamoja naye. Badala ya kuitangaza habari, aliishusha maiti pwani kwa siri na kuizika usiku, huku akijaribu kuwahi kuitwaa ngome na madaraka. Hakufanikiwa. Nduguye Majid ndiye aliyeshika utawala wa Zanzibar, na Thuwaini akabaki na Omani.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, Barghash alijaribu tena, na mara hii kwa uasi wa wazi. Baadhi ya dada zake walikuwa upande wake, miongoni mwao Salme, binti wa miaka kumi na mitano ambaye alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri. Kwa sababu ya kalamu yake alifanywa katibu wa wale waliokula njama, akawa anaandika barua za kutafuta silaha na watu. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari wa Majid, dada zake walimtorosha akiwa amevaa mavazi ya kike, akakimbilia shamba lililoitwa Marseille. Huko nako alishindwa, kwani Majid alisaidiwa na askari wa manowari za Kiingereza kwa shauri la balozi Rigby. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay na kukaa huko takriban miaka miwili.

Tunapaswa kulizingatia jambo hili. Kwa Barghash, dola ya Uingereza haikuwa habari ya kusimuliwa. Ndiyo iliyomng'oa katika uasi wake, na ndiyo iliyomweka katika mji wa Bombay, ambako aliishi katikati ya biashara kubwa, majengo ya mawe na reli iliyokuwa ikijengwa kuelekea bara la Hindi. Aliporejea alikaa kimya hadi Majid alipofariki Oktoba 1870. Ndipo akakalia kiti alichokitamani kwa miaka kumi na minne.

Miaka Mitano ya Dhiki

Kiti hicho hakikuwa na raha. Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Zanzibar, ikang'oa mikarafuu kwa maelfu na kuvunja vyombo bandarini, pamoja na vya Sultani mwenyewe. Januari 1873 akawasili Sir Bartle Frere kutoka London na mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini. Barghash alikataa. Mikarafuu ilikuwa imeanguka, na waungwana wa Kiarabu waliomtii walikuwa wakiishi kwa jasho la watumwa mashambani. Aliona kwamba anatakiwa ajikate mkono kwa kisu chake mwenyewe. Lakini alipoambiwa kwamba kisiwa chake kitazingirwa na manowari, alitia saini tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la mjini likafungwa.

Hapa hatuna budi kuwa waadilifu. Utajiri wa Zanzibar ulisimama juu ya migongo ya watu walionyakuliwa kutoka bara, na mtawala wake alikuwa mmoja wa walionufaika. Kuwa Uingereza ilitumia vitisho hakuifanyi biashara ile kuwa halali. Na kuwa biashara ile ilikuwa haramu hakuufanyi ubabe wa Uingereza kuwa hisani. Msomaji wa historia yetu hana budi kuyabeba mawili hayo kwa pamoja.

Januari 1875 zamu ya Mombasa ikafika. Muhammad bin Abdallah, maarufu kwa jina la Al-Akida, aliyekuwa mkuu wa askari katika Ngome ya Yesu, aliasi na kujifungia ngomeni. Barghash hakuwa na nguvu za kumtoa. Manowari mbili za Kiingereza zilikuja, zikaipiga ngome kwa mizinga, na Al-Akida akasalimu amri. Wakazi wa Mji wa Kale walishuhudia jambo la ajabu: bendera nyekundu ya Sultani ilirejeshwa juu ya ngome kwa mizinga ya taifa jingine. Miezi minne baada ya tukio hilo, aliyerejeshewa ngome alipanda meli kwenda kuwatembelea walioirejesha.

Mgeni wa Malkia

Barghash aliondoka Zanzibar mwezi Mei 1875. Aliandamana na watu wa baraza lake, akiwemo katibu wake Zahir bin Said, ambaye maelezo yake ya safari yalichapishwa baadaye kwa Kiarabu mjini London yakiwa kitabu kizima. Pamoja nao alikuwepo Dakta John Kirk, balozi wa Uingereza katika Zanzibar. Huko Uingereza walipewa mkalimani wa Kiarabu, George Percy Badger, padri aliyewahi kuishi Aden na kuandika juu ya historia ya Omani. Hivyo tangu nyumbani hadi ugenini, mgeni alikuwa na macho ya wenyeji pembeni mwake. Kirk alikuwa rafiki, mshauri na mlinzi wa maslahi ya serikali yake, yote kwa wakati mmoja.

Msafara ulipitia mfereji wa Suez, uliokuwa umefunguliwa miaka sita tu kabla yake, ukaivuka bahari ya Mediterania, na kutua Lisbon kabla ya kuelekea Uingereza. Kwa msomaji wa Mombasa kituo hicho cha Lisbon si cha kupitwa hivi hivi. Kutoka mji huo ndiko zilikotoka amri za kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na ni Waarabu wa Omani waliowatoa Wareno humo mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Sasa mrithi wa washindi alikuwa akitembea katika mji wa walioshindwa, nao haukuwa tena na nguvu juu ya bahari yake. Dola kubwa huinuka na kushuka. Funzo hilo lilikuwa wazi mbele yake hata kabla hajaiona London.

London aliifikia mwezi Juni. Alipokelewa na Malkia Victoria katika kasri la Windsor, akakutana na mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Edward VII, akaalikwa karamuni na kutazamwa na umati kila alipopita. Mgeni ni kuku mweupe, na Sultani mwenye kilemba na joho la Kiarabu alikuwa mweupe kuliko kuku wote. Magazeti yalimfuata kila siku. Alitembezwa katika jumba la vioo la Crystal Palace na katika karakana ya silaha ya Woolwich, mahali ambapo mizinga mikubwa ilisubiwa. Alipelekwa Brighton, mji wa pwani wenye kasri lililojengwa kwa kuiga majengo ya Kihindi. Kwa garimoshi alifikishwa Birmingham, Liverpool na Manchester.

Tuitazame ratiba hiyo kwa makini. Birmingham ilikuwa mji wa vyuma na bunduki, na bunduki zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa bara la Afrika kupitia bandari za Barghash. Manchester ilikuwa mji wa viwanda vya pamba, na nguo za pamba ndizo zilizokuwa fedha ya misafara iliyotoka Bagamoyo na Mombasa kwenda bara. Liverpool ilikuwa bandari ya kuyasafirisha yote hayo. Kwa hiyo Sultani alionyeshwa shina la biashara ambayo yeye alikuwa akiyaona matawi yake tu pale forodhani Zanzibar. Aliyaona makaa ya mawe yakigeuka mvuke, mvuke ukigeuka nguo, nguo ikipakiwa garimoshi hadi bandarini, na meli ikiondoka bila ya kungoja musimu wa kaskazi wala kusi.

Lakini kila maonyesho yana nyuma yake. Liverpool hiyo hiyo iliyompokea mgeni kwa heshima ilikuwa imetajirika katika karne ya 18 kwa kusafirisha watumwa kuvuka Atlantiki, biashara ambayo Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1807. Viwanda vya Manchester vilikuwa vimelishwa kwa miaka mingi na pamba iliyolimwa na watumwa wa Marekani. Ziara ya heshima haikuandaliwa ili kusema hayo. Iliandaliwa ili mgeni astaajabu, asadiki nguvu za mwenyeji, na arudi kwao akiwa amepunguza ukaidi. Barghash mwenyewe aliujua mchezo huo, kwani wageni waliofika Zanzibar naye aliwapokea katika kasri kwa sharubati na kahawa. Hakuwapeleka kwanza shambani kuwaona waliokuwa wakichuma karafuu.

Kutoka Uingereza msafara ulivuka hadi Ufaransa, ukaiona Paris ya Rais MacMahon, ambayo miaka minne tu kabla yake ilikuwa imezingirwa na Wajerumani na kuchomwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kisha ukashuka Marseille, mji ambao jina lake Barghash alilijua tangu siku ya kushindwa kwake shambani mwaka 1859. Hapo alipanda meli kwenda Misri ya Khedive Ismail, na mnamo Septemba alikuwa amekwisha kurejea Zanzibar. Nchi moja kubwa ya Ulaya haikuwamo katika njia yake: Ujerumani. Kwa nini jambo hilo lina uzito, tutaliona punde.

Dada Aliyezuiwa Mlangoni

Salme, yule katibu wa miaka kumi na mitano, alikuwa amepata maisha mengine. Mwaka 1866 alitoroka Zanzibar kwa manowari ya Kiingereza baada ya mapenzi yake na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, kujulikana. Huko Aden alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa mwaka 1867 na kwenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya gari la reli lililovutwa na farasi, akamwacha mjane mwenye watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza.

Aliposikia kwamba nduguye anakwenda London, alikusanya fedha zake chache na kumfuata. Alitumaini kwamba wakikutana uso kwa uso, Barghash angekumbuka barua zile za mwaka 1859 na kumsamehe. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, alizozichapisha mwaka 1886, Sir Bartle Frere alimtembelea kabla ya kuwasili kwa Sultani na kumwekea mambo mawili mbele yake achague moja: kupatana na nduguye, au kuhakikishiwa maisha ya watoto wake. Serikali haikutaka mgeni wake akabiliwe na lolote la kumuudhi. Mama yule akawachagua watoto, akajiweka mbali. Mgeni alipokwisha kuondoka, aliarifiwa kwamba watoto wake ni raia wa Ujerumani, na kwa hiyo hawana dai lolote juu ya Uingereza.

Hatuwezi kusema kwamba Barghash angempokea. Alikuwa mtu mgumu, na kwake dada aliyeiacha dini na kuolewa na mgeni alikuwa ameivunja heshima ya nyumba. Lakini tunaweza kusema hivi: katika mji aliotembezwa kuona kila mashine, kiumbe mmoja aliyemjua tangu utotoni alikuwa karibu naye, akazuiwa asimwone. Mpangaji wa ziara alikuwa amekwisha kuamua nini kiwemo katika ratiba na nini kisiwemo.

Mzigo wa Msafiri

Wengi hurejea safarini na zawadi za kupamba sebule. Barghash alirejea na fikra za kuujenga mji, nao mji huo ungali unamkumbuka. Alitandaza mabomba ya kuleta maji safi kutoka chemchemi za nje ya mji, maji yaliyowafikia watu wa kawaida bila malipo. Alijenga hamamu, na makasri ya Maruhubi na Chukwani. Mwaka 1883 ikakamilika Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu yenye nguzo za chuma, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Aliagiza mashine za kupiga chapa, na vitabu vya dini na sheria vikachapishwa Zanzibar kwenyewe. Alinunua meli za moshi zilizobeba mizigo na abiria, na mwaka 1879 waya wa simu ya chini ya bahari ukaiunganisha Zanzibar na Aden, na kupitia huko na Ulaya. Kwa msaada wa Luteni Lloyd Mathews alianzisha jeshi la askari waliofunzwa kwa mtindo wa Kizungu.

Alileta hata reli. Ilikuwa njia nyembamba ya maili chache, kutoka mjini hadi kasri la Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha likaletwa garimoshi dogo kutoka Uingereza. Ilikuwa miongoni mwa reli za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Hata hivyo, tofauti yake na reli aliyoipanda kwenda Manchester ilikuwa kubwa. Reli ya Uingereza iliunganisha machimbo ya makaa, viwanda na bandari. Reli ya Chukwani iliunganisha kasri na kasri. Chombo kilikuwa kimeletwa, lakini kazi iliyokiunda chombo hicho ilibaki ng'ambo.

Ingekuwa dhuluma kumlaumu Barghash peke yake kwa hilo. Mikataba ya biashara ambayo baba yake alifunga na mataifa ya kigeni tangu miaka ya 1830 ilimfunga asitoze ushuru wa zaidi ya asilimia tano kwa bidhaa zilizoingia. Forodha ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi waliomkopesha mtawala. Alipojaribu kupanua milki yake bara, alikuta watu wenye kumshauri kila hatua. Mwaka 1877 na 1878 alizungumza na William Mackinnon, mwenye kampuni ya meli, juu ya kumkodisha bara lote pamoja na haki ya kujenga reli, mazungumzo yakavunjika. Na mara tu baada ya kurejea kwake kutoka Ulaya, Oktoba 1875, jeshi la Misri, la Khedive yule yule aliyepita nchini mwake, liliteka Barawa na Kismayu. Wamisri waliondoka kwa sababu Uingereza iliwashurutisha. Kwa mara nyingine Sultani alirejeshewa mali yake kwa mkono wa mwingine, na deni la hisani likaongezeka.

Meza ya Berlin

Novemba 1884 mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin kuzungumza juu ya Afrika. Zanzibar, iliyokuwa na mabalozi wa mataifa makubwa, waya wa simu, jeshi na meli za moshi, haikualikwa. Wakati huo huo Carl Peters alikuwa katika Usagara na nchi za jirani, akiwatilisha saini machifu kwenye karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Mkutano wa Berlin ulimalizika tarehe 26 Februari 1885, na siku ya pili yake Kaiser akatoa waraka wa kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wa Ujerumani.

Barghash alipinga. Jibu lilikuja Agosti 1885 kwa manowari za Kijerumani zilizoelekeza mizinga kwenye kasri lake. Katika msafara huo alikuwemo Salme, ambaye serikali ya Kaiser ilimleta na watoto wake ili madai yake ya urithi yawe kamba nyingine ya kumkaba nduguye. Miaka kumi kabla yake Uingereza ilimficha dada huyo ili mgeni asiudhike; sasa Ujerumani ilimtoa hadharani ili mwenyeji aogope. Barghash hakumpokea. Ndugu wale wawili walikaa katika mji mmoja kwa siku kadhaa bila kuonana.

Barghash aliwategemea rafiki zake wa London. Hao walimshauri akubali. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kwamba milki ya Sultani ni visiwa, ukanda wa maili kumi tu wa pwani, na miji michache ya kaskazini. Na tume iliyoyachunguza mambo hayo haikuwa na mjumbe wake hata mmoja. Mei 1887 aliikodisha kwa kampuni ya Mackinnon pwani ya kaskazini, tangu mto Umba hadi Kipini. Hivyo Mombasa, pamoja na kivuko cha Makupa, ikatoka mkononi mwake kwa karatasi, bila risasi. Mapema mwaka 1888 alikwenda Omani kutafuta afya. Alirejea akiwa hoi, na usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 1888 akafariki, akiwa na umri wa takriban miaka hamsini na mmoja.

Garimoshi Lapita Makupa

Mwaka 1895 ukanda ule ulitangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, ukiendelea kuwa wa Sultani kwa jina, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea Ngome ya Yesu hadi mwaka 1963. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ya Uganda ulianza kisiwani Mombasa, na daraja la muda la mbao likaivusha hadi bara hapo Makupa. Daraja la kudumu lililofuata lilipewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza. Reli hii haikuunganisha kasri na kasri. Ilitoka bandarini ikaenda hadi Ziwa Victoria, ikichukua nchi nzima njiani, jinsi ile reli ya Manchester ilivyofanya kazi. Lakini mwenye reli hakuwa mwenye nchi.

Tumeyaeleza haya si kwa ajili ya kumlilia Sultani, kwani raia wake wengi walikuwa na vilio vyao wenyewe alivyovisababisha yeye na tabaka lake. Tumeyaeleza kwa sababu nasi ni wasafiri. Vijana wa vyuo vyetu hupata nafasi za kwenda ng'ambo kwa masomo, kwa makongamano na kwa ziara za mabasi na magarimoshi. Tembea uone, tunaambiwa, na ni kweli. Barghash alitembea akaona, na watu wa mjini Zanzibar walikunywa maji safi kwa sababu ya safari yake. Hilo si dogo.

Lakini anayetembezwa na aulize: ni nani aliyepanga ratiba hii, na kwa nini kituo fulani hakimo? Nyuma ya jumba la vioo kuna nini? Ni nani amezuiwa mlangoni ili mimi nisimwone? Barghash alionyeshwa mizinga ikisubiwa Woolwich, na akastaajabu jinsi ilivyosubiwa. Miaka kumi baadaye mizinga ya namna hiyo, ya taifa jingine, ilielekezwa kwenye madirisha yake. Ndipo ilipobainika kwamba vinavyoelea vimeundwa, na aliyeviunda hakuviunda ili vimtumikie mgeni.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msafiri, hata akifika wapi, atarudi kwao, na thamani ya safari yake itapimwa na kile alichoweza kukijenga aliporudi, na kama alikijenga kwa ajili ya kasri au kwa ajili ya nchi. Garimoshi lilipovuka Makupa kwa mara ya kwanza, mtu aliyekuwa wa mwanzo miongoni mwa watawala wetu kulipanda huko Ulaya alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka minane.